Dondoo Muhimu: Ukimkuta Mwendesha Baiskeli Amejeruhiwa

Katika barabara kuu ipitayo Runzewe, nchini Tanzania, ambapo malori yaelekeayo Rwanda na Burundi hupishana na baiskeli zilizosheheni magunia ya mkaa, msafiri amkutaye majeruhi yampasa kwanza aegeshe chombo chake kando, awashe taa za tahadhari na kutandaza matawi ya miti nyuma na mbele, kwani msaidizi akigongwa naye, msiba huwa maradufu.

Piga namba ya dharura 112. Usimnyanyue kwa pupa, wala usimpe maji, ijapokuwa atayaomba. Kichwa na shingo vitulize kwa mikono, na damu ibubujikayo igandamize kwa khanga safi pasina kuifunua kila mara kuchungulia. Akizimia ilhali apumua, mlaze ubavu, mwili wote ukigeuzwa pamoja. Tumbo lililopigwa na usukani lisidharauliwe hata pasipo jeraha, maana damu huweza kuvujia ndani.

Kumpakia mshikaki juu ya bodaboda, desturi iliyoenea mno, ni hatari kubwa kwa aliyeumia mgongo. Afadhali gari la kumlaza. Majeruhi akitangulia hospitali, mmoja wenu akachukue fomu ya matibabu ya majeruhi, PF3, polisi, na baiskeli pamoja na mzigo vikabidhiwe mtu mwaminifu, kwa sababu aghalabu ndiyo riziki ya nyumba nzima.