KIONGOZI, MALI, NA CHAMA CHA TATU
Somo la siasa na uchumi kwa wahitimu wa kisomo

Somo la leo lina mambo matatu. La kwanza ni siasa ya mrengo wa kushoto. La pili ni vyama vidogo, yaani vile vinavyokuja nyuma ya vyama viwili vikubwa. La tatu ni maadili ya mtu anayeongoza kampuni, shirika au chama cha ushirika. Mambo haya yanaonekana kama hayana undugu, lakini yote yanauliza swali moja: mtu aliyekabidhiwa mali ya wengi, ni nini kinachomzuia asiigeuze kuwa yake?

Soma polepole. Kama mko kikundini, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili. Baadhi ya mambo nitakayoandika ni habari ya historia, na mengine ni maoni yangu. Maoni yangu nitayataja kuwa ni maoni, nawe unayo ruhusa ya kuyakataa.

1. KUSHOTO NI KUPI?

Kwetu mkono wa kushoto haupewi heshima. Hatuli nao, wala hatumpi mtu mzima kitu kwa mkono huo. Katika siasa lakini neno hili lina asili nyingine. Mwaka 1789, katika mapinduzi ya Ufaransa, wajumbe wa Bunge walibishana juu ya nguvu za mfalme. Waliotaka mfalme awe na uwezo wa kuzuia sheria walikaa upande wa kulia wa mwenyekiti. Waliopinga walikaa kushoto. Tangu hapo, wanaotaka mali na madaraka vigawanywe kwa watu wengi zaidi huitwa mrengo wa kushoto.

Basi mtu wa kushoto huuliza hivi: Ardhi ni ya nani? Kiwanda ni cha nani? Faida inakwenda kwa nani? Mtu wa kulia huamini zaidi kwamba kila mtu akiachwa ahangaikie mali yake, nchi nzima itasonga mbele. Katikati yao wapo wengi wanaochukua kidogo huku na kidogo kule.

2. AZIMIO LA ARUSHA NA MASHARTI YAKE

Hapa Tanzania siasa ya kushoto tuliiita Ujamaa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari 1967. Kesho yake mabenki yalitaifishwa. Wazee wengi wanakumbuka jambo hilo la mabenki. Sehemu ambayo watu wengi wameisahau ni ile ya masharti ya uongozi. Kwa maneno yangu, yalikuwa hivi:

(a) Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki mambo ya kibepari wala ya kikabaila.
(b) Asiwe na hisa katika kampuni.
(c) Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari.
(d) Asipokee mishahara miwili au zaidi.
(e) Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Masharti haya hayakuwa ya mawaziri na wabunge peke yao. Yaliwagusa pia wakubwa wa mashirika ya umma, madiwani, na watumishi wa Serikali wa ngazi ya juu na ya kati. Tena yalimhesabu mke au mume wa kiongozi pamoja naye, ili mtu asije akasema, "Nyumba si yangu, ni ya mama watoto."

Wapo waliopata shida. Bibi Titi Mohamed, aliyefanya kazi kubwa ya kuwaingiza wanawake katika TANU wakati wa kudai uhuru, hakukubaliana na sharti la nyumba, akajiuzulu katika Halmashauri Kuu mwaka 1967. Haifai kumdharau mtu kama huyo. Mwanamke aliyejenga nyumba akaipangisha si sawa na bwanyenye. Hapa tunaona kwamba hata sharti jema huweza kumbana mtu asiyekusudiwa.

3. MENEJA ALIYEGEUKA BWANA MPYA

Mali ikishakuwa ya umma, je, shida imekwisha? Hapana. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Ndani yake viongozi walikatazwa kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Kwa nini yaandikwe maneno hayo miaka minne tu baada ya Azimio? Kwa sababu mambo hayo yalikuwepo. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma Mwongozo, wakaushika kwelikweli. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi, hasa Dar es Salaam. Na mara nyingi sababu haikuwa mshahara, bali meneja anayetukana watu, au anayetumia gari la shirika kama la baba yake.

Mashirika yaliongezeka mpaka yakafika karibu 400. Mengi yalipata hasara. Zipo sababu zilizotoka nje, kama kupanda kwa bei ya mafuta katika miaka ya 1970 na vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Lakini zipo sababu za ndani pia. Shirika liliitwa mali ya wananchi, kumbe wananchi hawakuwahi kuona daftari lake. Hata vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe, vilivunjwa na Serikali mwaka 1976. Sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Katika miaka hiyo mkulima alimuuzia mazao mtu asiyemchagua na asiyeweza kumwondoa.

Maoni yangu ni haya: kosa halikuwa kusema mali iwe ya wengi. Kosa lilikuwa kuwaambia wengi kuwa mali ni yao bila kuwapa ufunguo wa kuikagua. Mwenye shamba asiyefika shambani atavunja magugu tu.

4. KUTOKA KUKATAZA HADI KUTANGAZA

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti. Kuanzia hapo mwanachama na kiongozi waliruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupata kipato cha pili. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Chini ya sheria hiyo kiongozi hutoa tamko la mali na madeni yake katika Sekretarieti ya Maadili.

Angalia tofauti. Mwaka 1967 kiongozi aliambiwa, "Usiwe nayo." Mwaka 1995 aliambiwa, "Kuwa nayo, ila useme." Ipi ni bora? Wengine husema masharti ya zamani yaliwafundisha watu kuficha mali kwa majina ya ndugu. Wengine husema tamko lililofungiwa kabatini halimsaidii mwananchi. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli. Kumkataza diwani asiwe na duka ni kumtesa bure, maana hawezi kuishi kwa posho. Lakini diwani mwenye duka asiuze saruji kwa halmashauri yake mwenyewe. Jambo hilo likatazwe kabisa, na tamko lake liwe mahali ambapo mpiga kura anaweza kulisoma.

5. CHAMA CHA TATU KINA KAZI GANI?

Vyama vingi vilirudi kisheria mwaka 1992. Kabla ya hapo Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi. Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mawazo ya wale 20 yakapata nafasi. Ni jambo la kukumbuka: wachache si lazima wawe wamekosea.

Mama mmoja katika kikundi chetu aliniuliza, "Mwalimu, nikipigia chama kidogo, kura yangu si inapotea?" Swali lake ni zuri. Tulijibu kwa hesabu. Tuseme wapiga kura wa jimbo ni 1,000. Chama A kimepata 450, Chama B 350, Chama C 200. A ameshinda, ingawa watu 550 hawakumtaka. Kwetu mbunge hupatikana hivyo, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 hata Rais hupatikana kwa kura nyingi kuliko wenzake, si lazima zivuke nusu. Kwa hiyo wale 200 wa Chama C hawakupata mbunge.

Lakini hesabu haiishii hapo. Uchaguzi ukikaribia tena, A na B watazitamani zile kura 200. Watauliza, "Hawa wanataka nini?" Kama wanataka mikataba ya pamba isomwe mkutanoni, basi mtasikia A na B nao wanaanza kuimba wimbo huohuo. Chama kidogo huweza kushindwa, na wazo lake likashinda.

Tuchukue mfano wa kweli. Chama cha ACT-Wazalendo kilisajiliwa mwaka 2014. Mwaka 2015 kilitangaza Azimio la Tabora, kikitaka misingi ya Azimio la Arusha ihuishwe, pamoja na maadili na uwazi wa mali za viongozi. Katika uchaguzi wa mwaka huo mgombea wake wa urais, Anna Mghwira, alikuwa mwanamke pekee kati ya wagombea. Alishika nafasi ya tatu, lakini hakufikisha hata kura moja katika kila 100. Chama kilipata jimbo moja tu, Kigoma Mjini. Mwaka 2017 mama huyo aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na baadaye mwaka huohuo akahamia CCM.

Unaona ugumu wake? Chama kidogo huchoka. Hakina fedha, na watu wake huitwa kwenye meza kubwa. Tena vyama vidogo vingine ni mhuri na mwenyekiti tu, havina mkutano wala hesabu. Maoni yangu ni kwamba tusikipende chama kwa udogo wake. Tukipime kama tunavyopima kikubwa: kinasomea wanachama wake mapato na matumizi? Kinamwondoa kiongozi mwizi? Kama hakiwezi kuonyesha daftari lake, kitaonyeshaje la nchi?

6. KIONGOZI WA KAMPUNI NA WA USHIRIKA

Siku hizi wakubwa wa kampuni nyingi si watumishi wa Serikali. Mashirika mengi yaliuzwa baada ya mwaka 1992. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na mkulima naye anaweza kununua hisa. Kwa hiyo uadilifu wa meneja si habari ya mjini tu.

Hebu tuishushe kijijini. Mwenyekiti wa chama cha msingi ana duka. Chama kinahitaji magunia 500. Sokoni gunia ni shilingi 3,000. Mwenyekiti anakiuzia chama chake kwa shilingi 3,500. Hakuiba. Risiti ipo. Lakini piga hesabu:

3,500 - 3,000 = 500
500 x 500 = 250,000

Chama kina wanachama 125. Kila mmoja amepoteza shilingi 2,000, na hakuna aliyemwona mwizi. Huu ndio mgongano wa maslahi. Mtu mmoja amekaa pande mbili za meza: ndiye muuzaji, na ndiye mnunuzi.

Kiongozi mwadilifu hufanya mambo manne. Kwanza, husema mapema, "Ndugu wanachama, mimi nina duka la magunia." Pili, hutoka nje wakati jambo hilo linaamuliwa. Tatu, huacha bei tatu ziletwe zilinganishwe. Nne, husoma hesabu mbele ya mkutano bila kusubiri kuombwa. Akifanya hayo, hata akiwa tajiri hana ubaya. Asipofanya, hata akivaa kandambili na kujiita mjamaa, ni yuleyule.

7. MAONI YANGU KWA UFUPI

Mimi naegemea kushoto. Naamini maji, shule, zahanati na ardhi ya kijiji havifai kuachwa mikononi mwa mwenye fedha nyingi. Lakini sitamwamini mtu kwa sababu ya neno lililo kwenye bendera yake. Nitamwamini kwa daftari lake.

Wewe uliyejua kusoma una silaha ambayo babu yako hakuwa nayo. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, na unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Kama haisomwi, nyosha mkono useme kwa adabu: "Mwenyekiti, naomba hesabu." Anaweza kukuambia kuwa unaleta siasa. Mjibu kwamba ndiyo, hii ni siasa, na mkutano huu ndio mahali pake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja masharti matatu ya uongozi ya mwaka 1967. Lipi ungelirudisha leo? Lipi ungeliacha? Toa sababu.
2. Je, kiongozi kutangaza mali inatosha, au mambo mengine yakatazwe kabisa?
3. Chama cha ushirika kimenunua mifuko 80 ya mbolea kwa shilingi 72,000 mfuko mmoja. Duka la jirani liliuza kwa shilingi 70,000. Wanachama ni 40. Kila mwanachama amepoteza kiasi gani?
4. Mara ya mwisho hesabu za kijiji chenu zilisomwa lini? Nani alizisoma, na nani aliuliza swali?

MANENO YA KUJIFUNZA

Hisa: sehemu ya mali ya kampuni inayomilikiwa na mtu.
Kutaifisha: Serikali kuichukua mali ya watu binafsi iwe ya taifa.
Maslahi: faida anayotazamia mtu.
Mrengo: upande katika siasa.
Tamko: maelezo rasmi anayotoa mtu juu ya jambo.
Ubadhirifu: kutumia mali vibaya, hasa ya wengine.