SOMO LA MJASIRIAMALI: KUANZA KUTANGAZA BIASHARA NDOGO KWA SIMU YA MKONONI

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Baadhi ya wajasiriamali wa wilaya yetu ya Sikonge huitumia methali hii wanaposhauriwa kutangaza bidhaa zao kwenye mitandao ya kijamii. Asali yangu ni njema, husema, ya nini kuitembeza? Hoja hiyo ina uzito wake, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo, chema hujiuza pale tu kinapoonekana. Asali iliyomo ndani ya ndoo nyumbani kwa mrinaji huonekana na watu wachache: jirani, na mchuuzi anayekuja na kipimo chake na bei yake. Mnunuzi wa Tabora mjini, Mwanza au Dar es Salaam, ambaye angelipa bei bora zaidi, hana habari kwamba ndoo ile ipo.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mkazi wa kata mwenye bidhaa au ufundi, simu janja moja na bando dogo. Tutatumia mfano wa mama muuza asali, lakini fundi cherehani, muoka mikate na mfugaji wa kuku watafuata hatua zile zile. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: simu haitengenezi uaminifu. Huuchukua ule uliopo na kuufikisha mbali. Na pale usipokuwepo, huifikisha mbali aibu.

Hatua ya kwanza: Bidhaa itangulie, tangazo lifuate

Kabla ya kupiga picha yoyote, hakikisha bidhaa yako inaweza kusafiri na kujieleza bila wewe kuwepo. Chupa iwe safi na kifuniko kisivuje. Lebo ioneshe jina la bidhaa, kipimo, tarehe ya kufungashwa, mahali ilikotoka na namba yako ya simu.

Kwa wauza asali, kipimo kinahitaji uangalifu wa pekee. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.4. Mteja wa mbali aliyetarajia lita akapokea kilo atajiona ameibiwa, hata kama muuzaji hakukusudia ubaya. Chagua kipimo kimoja, kiandike kwenye lebo, na ukiandike vilevile kwenye kila tangazo.

Mjasiriamali mdogo wa chakula anayetaka alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) anashauriwa kuanzia SIDO kwa ajili ya barua ya utambulisho. Maswali kuhusu uvunaji na uhifadhi wa asali yapelekwe kwa Afisa Nyuki. Yale ya leseni, kwa Afisa Biashara wa Halmashauri.

Hatua ya pili: Chagua mtandao mmoja

Mwanzilishi anayefungua Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp kwa siku moja, kwa kawaida huzitelekeza zote kabla mwezi haujaisha. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse manne. Tunapendekeza uanze na WhatsApp Business, programu isiyolipiwa ambayo ilitolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Humo utaweka maelezo ya biashara, saa za kazi, orodha ya bidhaa pamoja na picha na bei, na majibu uliyoyaandaa mapema kwa maswali yanayojirudia.

Ukiweza, tenga laini ya biashara peke yake. Laini hiyo isajiliwe kwa jina lako na kwa alama zako za vidole, si kwa jina la rafiki au la mtoto aliyekusaidia kuifungua. Mwenye laini ndiye mwenye wateja. Siku mkikosana au akiipoteza, biashara yote itaondoka naye.

Utakapokuwa na wateja ishirini au thelathini wanaonunua na kurudi, fungua ukurasa wa Instagram au Facebook. Huko ndiko wasiokujua watakakokuona, nao watahitaji kuwaona wanaokuamini.

Hatua ya tatu: Anza na wanaokujua

Wateja wako wa kwanza mtandaoni ni wale walewale wa gulioni. Kila anayenunua, mwombe aihifadhi namba yako kwenye simu yake. Ombi hili lina sababu ya kiufundi: ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Orodha moja huchukua hadi watu 256, idadi inayomtosha kabisa mwanzilishi.

Usimwingize mtu kwenye kundi bila ridhaa yake, kwa kuwa kila aliyemo huona namba za wenzake. Vilevile, usichapishe picha, jina wala namba ya mteja pasipo kumwomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizo, na heshima ya kawaida pia inazilinda.

Hatua ya nne: Onesha na fundisha

Picha nzuri haihitaji kamera ya gharama. Futa kioo cha kamera ya simu, weka chupa karibu na mlango wakati wa asubuhi, tandika kitambaa cha rangi moja nyuma yake, kisha piga. Andika bei. Tabia ya kumwambia mteja “bei njoo inboksi” huwafukuza wengi ambao wangenunua kimyakimya.

Usitangaze bidhaa tu, mfundishe mnunuzi. Watu wengi hudhani asali iliyoganda imechanganywa na sukari. Mweleze kwamba kuganda ni tabia ya kawaida ya asali, na kwamba chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu asali hurudi kuwa majimaji. Mweleze pia kwamba mtoto aliye chini ya umri wa mwaka mmoja hapaswi kupewa asali, kwa usalama wa afya yake. Muuzaji anayemwonya mnunuzi hata pale ambapo onyo litampunguzia mauzo, huaminiwa kesho. Kinyume chake, usidai kwamba bidhaa yako inatibu maradhi fulani. Dai la namna hiyo laweza kumdhuru mgonjwa na kukuingiza matatani.

Matangazo matatu kwa wiki yanatosha. Picha ya stetasi hudumu saa 24, hivyo iweke saa ambazo wateja wako wamepumzika na simu zao, kwa mfano jioni.

Hatua ya tano: Jibu, pokea fedha, tuma mzigo

Hapa ndipo biashara nyingi hufa. Mteja akiuliza asubuhi akajibiwa kesho yake, amekwisha kununua kwingine. Panga nyakati mbili au tatu za kujibu kila siku, na uziandike kwenye maelezo ya biashara yako.

Jihadhari na ujumbe bandia wa malipo. Tapeli hutuma meseji inayofanana na ile ya kampuni ya simu, kisha hukuharakisha utoe mzigo au urudishe “fedha iliyozidi”. Usiuamini ujumbe, ingia kwenye menyu ya huduma ya fedha na uangalie salio lako mwenyewe. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mtoa huduma. Namba na ujumbe wa tapeli vitumwe kwenda 15040, kisha utoe taarifa kituo cha polisi. Kosa hilo linaangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kumbuka kuwa mteja naye anakuogopa, kwa kuwa anaombwa kutuma fedha kwa mtu asiyemwona. Mtulize kwa vitendo. Mpigie picha mzigo ukiwa kwenye mizani, upige tena ukiwa umefungwa, kisha mtumie picha ya stakabadhi ya ofisi ya mizigo ya basi. Mwambie mapema nani atalipa gharama ya usafirishaji, na utafanya nini chupa ikivuja njiani. Ahadi hiyo itimize hata ikikuumiza mara moja.

Hesabu iamue

Nunua daftari. Kila mauzo yaandikwe tarehe, kiasi, faida, na mteja alivyokufahamu. Tuchukulie unatumia bando la shilingi 3,000 kwa wiki, na kila chupa inakupa faida ya shilingi 2,000. Chupa moja iliyouzwa kwa njia ya simu hairudishi gharama. Mbili zinairudisha na kubakiza shilingi 1,000. Baada ya wiki nne daftari litakuambia kama uendelee, ubadili saa za kutangaza, au upunguze bando.

Usikope ili kulipia matangazo kabla daftari halijathibitisha kwamba matangazo ya bure yanaleta wateja. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anayeiomba na aanze na mahitaji ya uzalishaji kama mizinga, vifungashio na mizani, kwa kuwa tangazo likileta wateja hamsini huku una chupa kumi, arobaini watarudi na habari mbaya.

Zoezi la siku saba

Siku ya kwanza, safisha kifungashio na uandike lebo. Ya pili, fungua WhatsApp Business na ujaze maelezo yote. Ya tatu, piga picha tano. Ya nne, waombe wateja kumi waihifadhi namba yako. Ya tano, weka tangazo la kwanza lenye bei. Ya sita, fundisha jambo moja kuhusu bidhaa yako. Ya saba, fungua daftari: wangapi waliuliza, wangapi walijibiwa, wangapi walinunua? Ikiwa walioulizwa na kukosa jibu ni wengi, usitafute wateja wapya wiki ijayo. Wajibu hao kwanza.

Methali ya wahenga ingali na nguvu yake. Chema chajiuza, kikionekana; na kibaya hata kikitembezwa kwenye simu elfu moja, mnunuzi hukirudia mara moja tu, tena kudai fedha zake. Mkazi anayehitaji msaada wa kuanza afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake akiwa na simu yake na chupa moja ya bidhaa yake.