Usingizi wa Huzuni: Namna ya Kukesha Wakati wa Majaribu

Usiku ule wa Gethsemane, Petro, Yakobo na Yohana walipewa kazi moja tu: kukaa macho. Hawakutumwa kupigana wala kuhubiri. Walitakiwa wakeshe na kuomba karibu na pale alipokuwa Bwana wao. Aliporudi aliwakuta wamelala. Akawaamsha, akaenda tena kuomba, akarudi akawakuta wamelala tena. Mathayo na Marko wanasema macho yao yalikuwa mazito. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu, anaongeza jambo ambalo wengi tunalipita bila kulitazama: kilichowalaza ni huzuni.

Naanza na Luka kwa sababu mafundisho mengi ya kukesha kiroho hutuonya juu ya anasa: pombe, simu, marafiki wabaya. Maonyo hayo ni ya kweli. Lakini katika miaka niliyokaa kwenye jumuiya nimeona Wakristo wengi zaidi wakilazwa na huzuni. Mtu ana mgonjwa nyumbani, kazi imekwisha, ada ya mtoto haijatimia, na imani yake inasinzia polepole huku yeye mwenyewe akidhani yuko macho.

Yalinipata nilipomuuguza mama. Jumamosi ya kwanza nilikosa jumuiya kwa kuwa zamu ya kulala hospitali ilikuwa yangu. Jumamosi ya pili ningeweza kwenda, ila sikutaka kuulizwa mgonjwa anaendeleaje. Ya tatu sikutafuta hata sababu. Biblia ilikuwa ndani ya kikapu chini ya kitanda cha mgonjwa, pamoja na kanga na chupa ya chai. Siku moja uji ulimwagika ukaingia kikapuni. Niligundua majuma kadhaa baadaye, kurasa zikiwa zimeshakauka na kugandana.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ya kuangalia ni ndogo sana: unaanza kuwakwepa watu wanaokuulizia hali. Ukijiona unapita njia ya nyuma ili usikutane na mwenyekiti wa jumuiya, au unaacha simu ya mchungaji iite mpaka ikate, ujue macho yamekuwa mazito.

Jaribu au kishawishi?

Katika Sala ya Bwana, Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili hutaja kishawishi, na Waprotestanti hutaja majaribu. Neno la Kigiriki lililo nyuma ya yote mawili ni moja, peirasmos, nalo hubeba maana zote mbili: kupimwa na kuvutwa kwenye uovu. Sisi wenye maneno mawili tumebahatika, maana tofauti hiyo ina kazi kubwa katika maisha ya kila siku.

Jaribu huvumiliwa. Ugonjwa, msiba, kuachishwa kazi, ndoa iliyopita katika ukame, haya hayakimbiwi. Ayubu alikaa palepale kwenye majivu. Kishawishi hukimbiwa. Yusufu hakubaki chumbani kubishana na mke wa Potifa wala kupima nguvu ya imani yake. Alimwachia vazi mkononi akatoka mbio. Watu wengi huanguka kwa kugeuza mambo haya mawili. Tunalikimbia jaribu, kwa chupa au kwa kuhama kanisa, na tunabaki tumekaa na kishawishi tukisema tuna nguvu za kukishinda.

Ugumu ni kwamba mara nyingi huingia kwa mlango mmoja. Uhaba wa fedha ni jaribu. Karatasi inayoletwa mezani kwako kazini wiki hiyohiyo, uisaini ikiwa na hesabu iliyoongezwa, ni kishawishi kilichojua uhaba wako. Yakobo ameyaweka yote mawili katika sura yake ya kwanza: anaanza na saburi inayozaliwa na kupimwa, kisha anaonya mtu asiseme kwamba ni Mungu anayemvuta kwenye uovu. Basi jioni, kabla ya kulala, jiulize maswali mawili kwa sauti: leo nilipaswa kuvumilia nini, na nilipaswa kukimbia nini? Vitaje kwa majina mbele za Mungu. Sala ya jumla jumla kipindi hiki haisaidii sana.

Ukiishiwa maneno

Mwenye kujaribiwa hufika mahali anapopiga magoti na hakuna kinachotoka. Usijilazimishe kutoa sala ndefu za kushukuru usizozimaanisha. Fungua Zaburi. Karibu theluthi moja ya kitabu hicho ni maombolezo, yaliyotungwa na watu waliomwamini Mungu na kumlalamikia. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza hata lini, tena na tena. Zaburi ya 88 ndiyo ninayowapa wanaouguza: haimaliziki kwa furaha, inaishia gizani, na bado Kanisa limeitunza kama sala. Isome kwa sauti, polepole, hata kama ni korido ya hospitali na watu wanapita. Dakika tano asubuhi na tano usiku zinatosha. Usipange saa mbili za maombi utakazoziacha kesho kutwa na kubaki na hatia.

Na ule, na ulale. Elia alipojilaza chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo baadaye akasikia sauti tulivu. Kufunga ni jambo jema kwa wakati wake, lakini mtu ambaye hajalala siku nne kwa kuuguza hahitaji kuongezewa mfungo. Anahitaji mtu wa kumpokea zamu.

Kukesha ni kwa watu wengi

Yesu mwenyewe, usiku ule mzito kuliko zote, aliomba watu wakae naye. Mkristo anayesema atapambana na majaribu yake peke yake anadai nguvu ambayo Bwana wake hakuidai.

Uamsho ulioshika Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika uliwafundisha watu kukutana mara kwa mara na kusemeana ukweli wa mioyo yao; waliita kutembea nuruni. Kenya ilipoingia katika hali ya hatari mwaka 1952, zoea hilo lilipimwa. Miongoni mwa Wakikuyu wa Uamsho walikuwako waliokataa kula kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kushika bunduki upande wa serikali, na baadhi yao waliuawa. Siamini kwamba ujasiri ule ulizaliwa usiku wa kugongewa mlango. Ulikuwa umeshajengwa katika mikutano ya kawaida, ambapo mtu alizoea kusema mbele ya ndugu zake jambo linalomwaibisha.

Iwe unaita jumuiya, seli au ushirika wa nyumbani, mtafute mtu mmoja humo, mwenye kufunga kinywa, na umwambie mapema. Sema jambo lenyewe: nimeacha kuomba, au nimeanza kukopa kwa siri, au kuna mtu kazini ananivuta. Ukisema tu "niombeeni, napita katika mambo", ataomba kwa moyo, ila hatajua akuangalie wapi.

Aliyechoka huwindwa

Hapa naomba msomaji wangu anisikilize kwa makini. Petro anamfananisha adui na simba anayezunguka, na simba humwangalia mnyama aliyebaki nyuma ya kundi. Mwenye mgonjwa asiyepona, mwenye deni, mwenye ndoa bila mtoto, hao hufikiwa haraka na kila anayeuza miujiza.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ilizidi 400; waendesha mashtaka wanasema waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi waliokufa mahali hapo pawili walikuwa wakimtafuta Mungu kwa moyo wote. Ndiyo maana bidii peke yake haitoshi, na ndiyo maana watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo kwa kumsikiliza hata Paulo huku wakiyachunguza Maandiko kila siku.

Kabla hujampa mtu yeyote roho yako au fedha yako, mpime. Je, anadai malipo kabla ya kukuombea, kwa jina lolote, iwe mbegu, sadaka ya kujitoa au maji ya chupa? Elisha alikataa zawadi zote za Naamani aliyepona ukoma, na Gehazi aliyemkimbilia mgeni ili azipate aliishia na ukoma wenyewe. Je, anakutenga na mume, mke, wazazi au mchungaji wako, akisema hao ndio wachawi wako? Je, anakasirika ukimuuliza andiko liko wapi? Na je, anakuambia uache dawa?

Hilo la mwisho lisijadiliwe hata kidogo. Dawa za kupunguza makali ya virusi, za presha, za kisukari na za kifafa haziachwi ili kuthibitisha imani. Paulo, aliyewaombea wagonjwa wakapona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ukiamini umeponywa, rudi kwa daktari akupime, na yeye ndiye aseme dawa iachwe.

Wewe unayekwenda kumwona

Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba: waliketi naye chini, kimya. Waliharibu walipofungua vinywa kutafuta dhambi iliyoleta msiba. Usimuulize mwenye jaribu amekosea wapi, wala usimpe ushuhuda wa jirani yako aliyepona kwa siku tatu. Peleka uji. Lala wodini usiku mmoja ili yeye akalale kwake. Fua mashuka. Kisha, akitaka, msomee Zaburi fupi, na uondoke kabla hajachoka.

Na kama alianguka? Petro alianguka penye moto wa makaa, uani kwa kuhani mkuu. Hakutishwa kwa upanga, aliulizwa swali na kijakazi. Yohana anatuambia kwamba baada ya ufufuo Yesu aliwakaribisha wanafunzi penye moto mwingine wa makaa, ufukweni, ukiwa na samaki juu yake na mkate. Petro alilishwa kwanza. Maswali matatu juu ya upendo yalikuja baada ya chakula, na kila jibu lilifuatwa na kazi: alishwe nani, achungwe nani. Anayerudi kanisani baada ya kuanguka asipokewe kwa kikao. Kikao kama kipo, kitangulie chai.

Mimi nilirudi jumuiya baada ya majuma kumi na moja, mama akiwa ameshazikwa. Nilifika nimechelewa, wamekwisha kuanza somo. Nilikaa mwisho wa mkeka, nikaitoa Biblia yangu, nikawa nahangaika na kurasa zilizogandana. Mama mmoja niliyekuwa nikimkwepa muda wote ule alisogea bila kusema neno, akaweka Biblia yake katikati yetu na kidole chake kwenye mstari, tukaendelea kusoma.