2147483647: namba tasa iliyojificha kwenye orodha ya wateja

Ukifungua orodha ya wateja kwenye kompyuta ukakuta watu hamsini, wote namba yao ya simu ni 2147483647, usipige. Namba zao halisi, zile zinazoanza na 255 au 254, zilizidi nafasi iliyotengwa, na programu ikazishusha zote hadi kwenye kikomo chake. Kikomo hicho ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Kompyuta inayotunza namba kwa biti 32 huiacha biti moja kwa ajili ya alama ya hasi au chanya, zikabaki 31.

Wasichojua wengi ni kwamba namba hiyo ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. (Jina lenyewe linaionea. Tasa ni asiyezaa, na namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana.)

Utahakikishaje? Darasani tulifundishwa kutopita kipeuo cha pili, maana kila kigawo kikubwa kina mwenzake mdogo. Kipeuo cha namba yetu ni kama 46,341, na chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawanya mara zote hizo kwa mkono ni adhabu.

Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, alitoa jibu mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezima kabisa. Njia yake unaweza kuijaribu kwa namba ndogo. Chukua 2 kwa kipeo cha 11, toa 1: unapata 2047. Kwa kuwa 11 ni namba tasa, kila kigawo tasa cha 2047 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 22. Basi ruka 3, ruka 7, ruka 13. Anza na 23. Gawanya 2047 kwa 23: jibu ni 89, bila baki. Kwa hiyo 2047 si tasa ingawa 11 ni tasa, na hapo ndipo wengi huteleza.

Kwa 31, kigawo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62. Euler akaongeza sharti la pili: kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Zikabaki namba zisizofika 400 za kujaribu, na hakuna hata moja iliyoingia.

Utasa huo, hata hivyo, hauhusiki na hitilafu ya simu. Biti 16 zina kikomo cha 32767, ambacho ni 7 × 31 × 151, na huleta balaa lile lile. Saa nazo zimo: mifumo ya zamani inayohesabu sekunde kwa biti 32 tangu 1 Januari 1970 itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kama unatengeneza mfumo leo, tumia biti 64 kwa tarehe. Namba ya simu huijumlishi wala huizidishi; itunze kama maandishi, na sifuri yake ya mwanzo itasalimika.