SOMO LA 9: SILINDA HEDI YA AKIBA

Mashine ya kusaga ikisimama, kijiji kizima hupata taabu. Akina mama hurudi kwenye kinu na mchi, au hujitwika debe la mahindi mpaka kijiji cha jirani. Mara nyingine ubovu wenyewe si mkubwa. Mashine husimama kwa sababu silinda hedi imepelekwa mjini kwa fundi, na hakuna nyingine ya kufunga mahali pake.

Akiba haiozi. Leo tutajifunza kutengeneza silinda hedi kuukuu na kuiweka tayari. Mfano wetu ni injini ya dizeli ya Lister CS. Injini hizi zilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929. Baadaye viwanda vya Rajkot, India, vilitengeneza nyingine za kufanana nazo. Ile yenye silinda moja na nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Huenda polepole na hufunguka kwa urahisi. Kwa hiyo mwanakijiji aliyefundishwa anaweza kuitunza.

Kazi ya silinda hedi

Silinda hedi ni kifuniko cha silinda. Ina valvu mbili. Moja huingiza hewa, na nyingine hutoa moshi. Pia ina nozeli inayonyunyiza dizeli. Pistoni inapopanda hubana hewa, na hewa hiyo huwa ya moto sana. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe, bila cheche. Lakini valvu isipoziba vizuri, hewa huvuja na haipati joto la kutosha. Injini hukataa kuwaka.

Ukizungusha hendeli ukaiona nyepesi mno, shuku valvu au ringi za pistoni. Ukiona mapovu yakitoka kwenye pipa la maji injini inapofanya kazi, shuku gasketi au ufa katika hedi.

Kutengeneza hedi ya akiba

1. Toa valvu na springi zake. Weka alama ili kila valvu irudi mahali pake.

2. Kwangua masizi kwa kijiti kigumu au kipande cha shaba. Usitumie patasi, kwani itakwaruza uso wa hedi. Osha kwa mafuta ya taa, mbali na moto.

3. Tafuta ufa. Paka mafuta ya taa, pangusa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatokeza na kuchora mstari. Hedi yenye ufa usiifunge. Mwonyeshe fundi.

4. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi. Mwanga ukipita chini yake, uso umepinda. Peleka karakana ukasawazishwe.

5. Paka dawa ya kusagia kidogo kwenye ukingo wa valvu. Isugue juu ya kikalio chake, kulia na kushoto. Iinue mara kwa mara na kuigeuza. Acha unapoona duara la kijivu lisilokatika. Valvu iliyoungua au yenye mashimo ipelekwe kwa fundi.

6. Osha dawa yote. Ikibaki na kuingia kwenye silinda, italika ringi za pistoni.

7. Rudisha valvu na springi. Elekeza tundu la hewa juu, ulijaze mafuta ya taa. Fanya hivyo hivyo kwa tundu la moshi. Mafuta yakivuja kwenye valvu, sugua tena.

8. Nozeli ipimwe na fundi mwenye chombo chake. Usikinge mkono mbele yake. Dizeli inayotoka kwa nguvu hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali.

Mwisho paka oili, funga kwa kitambaa safi, uiweke mahali pakavu.

Siku ya kuifunga

Acha injini ipoe. Toa maji. Safisha uso wa silinda na uweke gasketi mpya. Kaza nati kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe, kwa kipimo cha kitabu cha injini. Kisha pima nafasi ya valvu. Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu haifungi na huungua. Ikiwa kubwa mno, injini hugonga. Rudisha maji kabla ya kuwasha.

Hedi iliyotolewa isitupwe kwenye kona. Hiyo sasa ndiyo akiba yenu. Itengenezeni wakati mashine inaendelea kusaga.

Maswali

1. Kwa nini injini haiwaki valvu zikivuja?
2. Chaki hutusaidiaje kuona ufa?
3. Kwa nini dawa ya kusagia huoshwa yote?
4. Jadilini: Mashine ya kijiji chenu ina vipuri gani vya akiba? Nani anavitunza, na fedha za kuvinunua zitatoka wapi?