Majivu Yapi Yaende Shambani?

Mkulima wa skimu, jikoni kwako mna majivu ya kuni. Viwanda vingine huchoma makaa ya mawe, navyo vina majivu yake. Ukiyatazama yafanana, lakini kazi yake ni mbali mbali. Somo letu la mwezi huu ni kuyatofautisha.

MAJIVU YA MAKAA YA MAWE. Haya yana silika na alumina nyingi, na pengine sumu kama aseniki na risasi. Ukipewa bure, usiyamwage shambani. Kiwandani yaweza kufaa. Mwaka 1985 wataalamu Höller na Wirsching walieleza jinsi yanavyogeuka kuwa zeolaiti. Huchemshwa saa nyingi katika maji yenye soda kali. Silika na alumina huyeyuka, kisha huungana upya kuwa chembe zenye vyumba vidogo mno, kama sega la nyuki. Vyumba hivyo hushika amonia na potashi, na kuviachia mizizi polepole.

Kule Magadi kazi hiyo ilifanyika yenyewe zamani za kale: majivu ya volkano yalianguka katika maji ya magadi, yakawa zeolaiti. Lakini wewe usijaribu nyumbani. Soda kali huunguza macho na ngozi, na zeolaiti iliyotoka katika majivu hayo sharti ipimwe sumu kwanza.

MAJIVU YA KUNI. Haya ndiyo yako. Yana chokaa na potashi, nayo hupunguza uchachu wa udongo. Katika miteremko yenye mvua nyingi ya Mlima Kenya na Nyandarua udongo mwingi ni mchachu. Katika tambarare za Kieni huenda usiwe hivyo. Basi fuata haya:

1. Pima udongo kwanza. Afisa wa kilimo atakuonyesha njia.
2. Yaweke makavu, mvua huondoa potashi.
3. Kilo 1 yatosha mita 4 kwa mita 4. Changanya na udongo kabla ya kupanda.
4. Usiyachanganye na mbolea ya amonia wala samadi mbichi, kwani amonia itapotea hewani.
5. Usiyatie kwenye majani chai, yapendayo uchachu, wala viazi, visije vikapata upele.
6. Usitumie majivu ya plastiki au mbao zenye rangi.

MASWALI YA KUJADILIANA: Je, shamba lako limepimwa? Majivu ya jikoni kwako huenda wapi?