SOMO LA WIKI: Kompyuta ya kiganjani ilipogeuka rimoti, nani alipata faida?

Mwekezaji mdogo akisikia kuwa kampuni fulani imetoa chombo kimoja kinachofanya kazi za vyombo vitano, mara nyingi hukimbilia hisa zake bila kuuliza swali la msingi: katika kazi hizo tano, ni ipi inayolipiwa, na anayelipwa ni nani? Historia ya kompyuta za kiganjani zilizotumiwa kama rimoti za televisheni, deki na redio inajibu swali hilo vizuri. Jibu lake linamhusu mnunuzi wa hisa na vilevile mwenye duka la vifaa vya umeme.

Jinsi ilivyoanza

Kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya kiganjani, iliyoitwa Pilot, mwaka 1996. Kilikuwa chombo cha kuhifadhia anwani, namba za simu na miadi. Mwaka 1998 ilifuata Palm III, yenye tundu dogo la mionzi ya infraredi, ili watu wawili waweze kupeana kadi za biashara bila waya. Televisheni haikuwamo katika hesabu hiyo.

Lakini rimoti nazo hutumia infraredi. Waandishi wa programu walilitambua hilo mapema, na mojawapo ya programu zilizojulikana iliitwa OmniRemote. Mtumiaji alielekeza rimoti yake ya zamani kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikanasa mapigo ya mwanga na kuyahifadhi. Kisha aliweka kitufe chake mwenyewe kwenye kioo. Kuanzia hapo chombo kimoja kiliweza kuwasha televisheni, kurudisha nyuma mkanda wa deki na kupandisha sauti ya redio.

Kasoro zake

Kasoro ya kwanza ilikuwa umbali. Rimoti ya kawaida huwasha na kuzima mwanga wake kwa kasi ya mara 38,000 hivi kwa sekunde, na taa yake ina nguvu ya kufika upande wa pili wa sebule. Tundu la kompyuta ya kiganjani lilitengenezwa kwa mawasiliano ya umbali wa mita 1 hivi. Matokeo yake, mtumiaji mara nyingi alilazimika kuisogelea televisheni, wakati rimoti ilibuniwa ili asiisogelee. Kwa wenye kompyuta za Visor za kampuni ya Handspring, kiliuzwa kifaa cha kuchomeka cha kuongeza nguvu, lakini hiyo ilikuwa gharama nyingine.

Kasoro ya pili ilikuwa bei. Palm III ilipotoka iliuzwa dola 399 za Marekani, wakati rimoti ya kawaida ya kuendesha vyombo kadhaa ilipatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kasoro ya tatu ilikuwa vitufe. Mtu huishika rimoti gizani na kidole kikajua njia, lakini kioo laini hudai kutazamwa kila mara. Ya nne ilikuwa ya kifamilia: baba akiondoka na kompyuta yake kwenda kazini, waliobaki nyumbani wanarudi kuitafuta rimoti ya zamani chini ya kochi.

Kwa hiyo kazi ya rimoti ilikuwa nyongeza ya kufurahisha. Waliokwisha kununua chombo kwa ajili ya shajara waliifurahia, lakini si wengi waliotoa dola 399 kwa ajili yake peke yake.

Hisa zilivyokwenda

Tarehe 2 Machi 2000, kampuni mama ya Palm, 3Com, iliuza kwa umma takriban asilimia 5 ya hisa za Palm na kubaki na sehemu kubwa iliyosalia. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 38. Siku hiyo hiyo soko lilifungwa hisa ikiwa dola 95 na senti chache.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mwekezaji anapaswa kuifanya kwa kalamu yake. 3Com ilikuwa imetangaza kuwa baadaye itawagawia wanahisa wake hisa za Palm, takriban hisa moja na nusu kwa kila hisa moja ya 3Com. Hisa moja na nusu kwa dola 95 ni zaidi ya dola 142. Lakini siku hiyo hisa ya 3Com yenyewe ilifungwa ikiwa chini ya dola 82. Maana yake soko lilikuwa linasema kwamba biashara nyingine zote za 3Com, pamoja na fedha zake benki, zilikuwa na thamani chini ya sifuri. Bei hizo mbili zisingeweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Aliyenunua kwa shauku ya siku ile alilipia jina. Mwaka 2001 hisa ya Palm iliuzwa kwa chini ya dola 10. Mwaka 2010 kampuni ilinunuliwa na Hewlett-Packard kwa takriban dola bilioni 1.2, na mwaka uliofuata mnunuzi huyo alitangaza kuacha kutengeneza simu na kompyuta za aina hiyo.

Fedha zilikaa wapi

Wakati watengenezaji wa vyombo wakipanda na kushuka, kampuni nyingine ya Marekani, Universal Electronics, ilijijenga juu ya mali isiyoonekana: orodha ya namba za siri za mwanga za televisheni, deki na ving'amuzi vya watengenezaji wengi. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu yake ya Nevo ilikuwamo ndani ya baadhi ya kompyuta za kiganjani za iPAQ. Pia iliwatengenezea rimoti makampuni ya televisheni za kulipia. Chombo cha nani kilishinda sokoni halikuwa swali kubwa kwake, kwa kuwa aliyehitaji orodha hiyo alikuwa na sababu ya kubisha hodi.

Hata hivyo, mali hiyo nayo ina umri. Mwaka 2016 hisa ya Universal Electronics ilipita dola 70. Mwaka 2023 ilishuka chini ya dola 10. Watazamaji wengi wa Marekani walikuwa wameacha televisheni za kulipia na kuhamia kwenye intaneti. Logitech nayo, iliyoingia katika biashara ya rimoti za Harmony mwaka 2004, ilitangaza mwaka 2021 kuwa inaacha kuzitengeneza.

Somo kwa mwenye duka

Kazi ya rimoti sasa imehamia kwenye simu. Samsung iliweka taa ya infraredi katika Galaxy S4 mwaka 2013 na kuiondoa kuanzia Galaxy S7 mwaka 2016, lakini Xiaomi wameendelea nayo, na baadhi ya simu za Tecno na Infinix zinazouzwa Afrika Mashariki zinayo. Hilo halijaua biashara ya rimoti, kwa sababu zile zile za vitufe na za kifamilia. Linaloiumiza zaidi ni chombo chenyewe kubadilishwa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua rimoti 200 za king'amuzi cha aina moja kwa sh. 3,000 kila moja. Ameweka mtaji wa sh. 600,000. Akiuza kwa sh. 5,000, anahitaji kuuza rimoti 120 ndipo mtaji urudi. Faida yake, sh. 400,000, imo katika zile 80 za mwisho. Ikiwa mwenye king'amuzi ataleta aina mpya wakati rimoti 100 tu zimeuzwa, mfanyabiashara amekusanya sh. 500,000, amepoteza sh. 100,000, na stoo yake ina rimoti 100 zisizo na mnunuzi. Kodi ya pango haijahesabiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, iwe kwa hisa au kwa shehena, kuna maswali matatu ya kuuliza. Je, mteja ananunua kitu hiki kwa ajili ya kazi hii, au kazi hii ni nyongeza tu? Je, kila kinapouzwa, nani hasa anabaki na faida? Na je, maisha ya bidhaa hii yanategemea chombo cha mtu mwingine anayeweza kukibadilisha bila taarifa?

Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, dawa yake ni kununua kidogo kidogo na mara kwa mara, hata kama bei ya jumla inashawishi.